Siku kumi kimya, shoga?

Shoga angu,

Salamu fupi leo maana nina hasira. Huku Tanga wazima, mama anakusalimia anauliza unaolewa lini, basi.

Hivi mtu anapoteaje siku kumi bila hata tiki ya bluu? Nimempigia dada ako mara tatu, Mwanaidi naye akazidi kunitisha, kumbe mwenzetu uko huko huko India, umetoka Pune umeenda Igatpuri kukabidhi simu na kukaa kimya unasikiliza pumzi! Si ungeaga tu.

Haya nimesoma meseji yako, eti na mimi nije kwenye hiyo vipasana, tafakuri yenu ya Kibudha, nitapata usingizi. We si ndo umeandika mnaamshwa saa kumi alfajiri, siku tatu za kwanza kazi ni kuangalia pumzi puani, halafu mnaanza kupita mwili mzima toka utosini, pakiwasha hujikuni, pakiuma unapatazama tu? Hiyo mbona ni ya kuamka, sio ya kulala. Na huyo Goenka wenu, aliyeanzisha hizo kozi, si alienda kwa mwalimu wake kule Burma sababu ya kipandauso, mwalimu akamkatalia, kwamba kama umefuata dawa ya kichwa tu usije. Ndio najua baadae kikapona, usinijibu hivyo.

Daktari wangu kanipa ile tafakuri ya mahospitalini, aliianzisha Profesa Kabat-Zinn Marekani 1979 kwa wagonjwa wa maumivu yasiyoisha, wiki nane. Naisikiliza kwenye simu nimelala chali, nayo inapitisha mwili kipande kwa kipande, nikifika magotini nakoroma, afu sauti inasema tukae macho! Yaani hata hiyo nimefeli kwa kufaulu. Bosi naye ana tafakuri yake ya kurudiarudia neno la siri, dakika 20 asubuhi 20 jioni, na neno lenyewe unalipia. Mie nywila za benki tu zinanishinda.

Ila alonimaliza ni mama. Alhamisi katoka kwenye zikri uso unang'aa, nikamuuliza mama hii inakutuliza eeh? Akanikata jicho, "Mie namtaja Mola, we waniuliza habari ya kutulia?" Nikanyamaza. Toka siku hiyo nawaza, mama, Goenka, wote kutulia kwao ni kama chenji, sio walichoendea dukani. Mimi naenda dukani kuomba chenji. Usingizi wenyewe ulikata tangu yale mambo ya... we unajua, tuyaache.

Sasa niambie, we ulifuata nini kule? Ni yule mtu? Ulilia? Jioni ni kweli nyie wanafunzi wapya mnapewa chai na matunda tu, na tumbo lako hilo? Kwamba hamlipi, mnachangia mkimaliza, ni kweli au unanivuta? Na ukisema unarudi tena ni lini, maana safari hii nataka kujua KABLA. Kozi ya unesi inaruhusu kweli kutoroka hivyo?

Nijibu leo, simu ikiwa bado mkononi mwako.

Wako mkesha-macho