Mapishi ya Pampanga yaandikwe na vipimo vyake

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu yakigusia chakula cha Ufilipino, msomaji huletewa mambo mawili tu: sahani ya chuma inayofoka moshi ikiwa na yai juu yake, na habari ya watu wanaokula wadudu. Vyote viwili vinatoka mkoa wa Pampanga, kaskazini-magharibi ya Manila, ambao Wafilipino wenyewe wanausifu kwa mapishi kuliko mikoa mingine. Ninachoomba ni kwamba kurasa za mapishi ziache kushangaa zianze kufundisha. Jiko la Wakapampangan linatumia wali, nazi, manjano, majani ya mgomba, siki na samaki wa mabwawa. Mpishi wa Tanga, Lamu au Pemba analiweza, na Waswahili walioko Muscat au Doha wana Wafilipino wa kuwauliza kazini. Kinachokosekana ni vipimo, na kuambiwa chakula kinaharibikia wapi.

Nianze na sisig, ndiyo ile ya sahani ya chuma, ili niimalize mapema. Jina hilo limo katika kamusi ya Kikapampangan ya padri Diego Bergaño ya mwaka 1732, na wakati huo ilikuwa kachumbari ya papai bichi au mapera mabichi kwa siki, chumvi, vitunguu saumu na pilipili manga. Ile ya nyama ya kichwa cha nguruwe kwenye chuma cha moto inahusishwa na Lucia Cunanan, aliyekuwa akiuza chakula karibu na reli mjini Angeles katika miaka ya 1970. Nyama huchemshwa, huchomwa kwa makaa, hukatwakatwa, kisha hutiwa vitunguu, maini ya kuku, pilipili na ndimu ndogo za kwao. Yai na mayonezi si vya Pampanga, na vinaua uchachu ambao ndio asili ya chakula chenyewe. Asiyekula nguruwe anaweza kutumia kuku, au mwatiko aliyechomwa na kutolewa miiba.

Chakula kinachoharibiwa zaidi na waandishi ni buro: samaki wa maji baridi, au kamba wadogo, waliochachushwa pamoja na wali. Haikuzuka bure. Bonde la mto Pampanga na vinamasi vya Candaba hujaa maji kila msimu wa mvua, mashamba yanageuka mabwawa, na samaki wanaozolewa wanazidi uwezo wa nyumba kuwala. Chumvi na wali ndivyo vilivyowahifadhi.

Kwa jiko la nyumbani, chukua nusu kilo ya minofu ya perege au kambale, uioshe mpaka damu iishe. Utumbo na matamvua visibaki hata kidogo, maana uozo huanzia humo. Ipake chumvi laini gramu 75, kama vijiko vinne vikubwa visivyorundikwa, uiweke kwenye friji usiku kucha, kisha mwaga maji yote yaliyotoka. Pika wali mkavu kidogo, upate kama kilo moja ukishaiva, na uutandaze kwenye sinia mpaka upoe kabisa. Wengi hukosea hapa. Wali wa moto humwivisha samaki nusunusu, na mvuke wake hugeuka maji ndani ya chupa, chumvi ikapungua nguvu mahali inapohitajika. Ukishapoa, uchanganye na chumvi gramu 30, tia minofu, na upakie kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana iliyochemshwa na kukaushwa. Shindilia ili hewa isibaki katikati. Acha nafasi ya vidole vitatu juu, na kifuniko kisikazwe, kwa sababu gesi itatoka.

Siku ya pili au ya tatu utaona viputo. Bakteria wa asidi ya laktiki wameanza kazi, wanageuza wanga wa wali kuwa asidi. Katika joto la nyuzi 28 hadi 30 buro ya samaki huwa tayari kati ya siku 5 na 7. Ya kamba huchukua 7 hadi 10, na maganda ya kamba huwa mekundu na laini. Harufu inayotakiwa ni kali na chachu, kama ya maziwa mgando yaliyokaa. Ikinuka uozo au amonia, ikivutika kwa utelezi, au ikiota ukungu wa kijani au mweusi, itupwe yote. Kukwangua juu hakusaidii. Chumvi ikipunguzwa kwa kuogopa ukali wake, bakteria waozeshaji hutangulia. Ikizidishwa sana, hata wale wazuri hulala, na wiki mbili zinapita buro haijachachuka.

Jambo hili nawaomba mlichape kwa herufi nzito: buro ya samaki wa maji baridi hailiwi mbichi. Samaki hao huweza kuwa na minyoo ambayo chumvi na uchachu haviaminiki kuimaliza. Kaanga vitunguu saumu, kitunguu maji, tangawizi na nyanya mbili mpaka zivunjike, tia buro, koroga kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15 mpaka ichemke kote na iwe uji mzito. Hailiwi peke yake. Huliwa kidogokidogo na kambale wa kukaanga au wa kuchoma, bilinganya za kuchoma, bamia, na majani mabichi ya haradali ambayo mlaji huyakunja mkononi na kuyatia vyote ndani. Uchungu wa haradali na uchachu wa buro hukata mafuta ya kambale. Ndiyo maana kambale aliyenona anafaa kuliko perege kwa kitoweo cha pembeni.

Baadhi ya nyumba hutengeneza buro nyekundu kwa angkak, mchele uliooteshwa ukungu maalumu unaotoa rangi. Asiyeupata asitafute rangi ya dukani. Buro nyeupe ni buro kamili.

Bringhe, wali wa kunata wa kuku na nazi, mpishi wa Pwani ataielewa haraka, lakini asiichukulie kuwa ni wali wake wa nazi uliopakwa manjano. Vinahitajika vikombe viwili vya mchele wa kunata uliolowekwa saa moja na kuchujwa, kikombe kimoja cha mchele wa kawaida, kuku wa kilo moja aliyekatwa vipande vidogo, kijiko kikubwa cha manjano mabichi yaliyotwangwa, vijiko viwili vya patis, ambao ni mchuzi mwembamba wa samaki waliochachushwa kwa chumvi, tui jepesi vikombe vitatu na kasimele kikombe kimoja. Majani ya mgomba yapitishwe juu ya moto mpaka yang'ae, yasije yakapasuka yakikunjwa. Kaanga vitunguu saumu, kitunguu, tangawizi na kuku, tia patis na manjano, kisha michele yote miwili na tui jepesi. Koroga mpaka maji yakaribie kukauka. Hamishia kwenye sufuria uliyotandika majani, mwagia kasimele, funika kwa jani jingine na kifuniko, moto mdogo kabisa, dakika 25. Anayejua kupalia makaa juu ya kifuniko apalie, maana wali wa juu ndio unaobaki mgumu.

Kasimele ikitangulia, itachemka mno na tui litakatika, mafuta yaelee na wali ukose utamu. Mwiko ukirudi sufuriani baada ya jani kufunikwa, utapata bokoboko. Ukoko unatakiwa, ila uwe wa rangi ya dhahabu. Moto ukiwa mkali unaungua kabla ya juu kuiva. Hupambwa kwa mayai ya kuchemsha, pilipili hoho na zabibu kavu. Kwa kukosa mchele wa kunata wengine hutia basmati, mchele ambao punje zake haziwezi kushikana. Hiyo wasiiite bringhe. Waiite wali wa nazi wa manjano, na wala si chakula kibaya.

Kuhusu wadudu: kamaru ni chenene wa mashamba ya mpunga. Hutolewa mbawa na miguu, wakachemshwa kwa siki, vitunguu saumu na chumvi mpaka wakauke, ndipo wakaangwe pamoja na nyanya na kitunguu. Mtu wa Bukoba aliyezoea senene haoni ajabu hapo, na sioni kwa nini gazeti linalosomwa Kagera liandike kwa mshangao. Siki yenyewe ndiyo ya kuzungumzwa. Nyumba nyingi za Pampanga hutumia siki ya utomvu wa mnipa, mti wa jamii ya mnazi unaoota mikokoni. Iliyo karibu nayo kwetu ni siki ya tembo la mnazi. Siki nyeupe ya kiwandani ni kali mno na haina harufu. Kama hakuna nyingine, ipunguzwe kwa maji.

Katika vitamu nitataja viwili. Mji wa Santa Rita unajulikana kwa duman, mpunga wa kunata unaovunwa ungali kijani, ukakaangwa chunguni na kutwangwa na kupepetwa mara nyingi. Anayejua pepeta anajua kazi hiyo. Cha pili ni tibok-tibok ya maziwa ya nyati wa kufugwa: maziwa vikombe vinne, sukari nusu kikombe, wanga wa mahindi robo tatu ya kikombe, na ganda la ndimu lililoparuzwa. Wanga uvurugwe kwanza katika maziwa ya baridi. Ukimwagwa kwenye ya moto hufanya mabonge yasiyotoka tena. Koroga bila kuacha kwa moto mdogo mpaka uso uwe mzito na udunde taratibu. Hapo ipua umimine kwenye sahani iliyopakwa mafuta ya nazi. Maziwa ya nyati yana mafuta karibu maradufu ya yale ya ng'ombe, kwa hiyo mwenye ya ng'ombe abadilishe kikombe kimoja kwa kasimele. Juu hunyunyizwa chembe za hudhurungi zinazobaki chini tui zito linapopikwa mpaka mafuta yajitenge. Zitolewe motoni zikiwa na rangi ya asali, kwani zinaendelea kuungua ndani ya mafuta yake.

Kama mtakubali kuanza, Mhariri, anzeni na bulanglang, mchuzi wa samaki na mapera, kwa sababu hakuna kitu cha kuagiza nje. Samaki wake ni bangus, na bangus ni mwatiko huyuhuyu anayefugwa Kilifi na Mtwara. Chemsha mapera mabivu kumi katika lita moja na nusu ya maji mpaka yalainike, yaponde, uyachuje mbegu zote, urudishe mchuzi motoni. Mapera yawe yameiva na kunukia. Mabichi huacha ukakasi ambao hakuna chumvi inayoufuta. Mchuzi ukichemka tia vipande vya mwatiko na kamba wachache, vijiko viwili vya patis au chumvi kwa kuonja, na usikoroge, bali tikisa sufuria, kwa maana mwatiko huvunjika na miiba yake mingi ikasambaa. Dakika nane zinatosha. Majani ya haradali au matembele yaingie mwisho, dakika moja, kisha ipua.

Wenu,
Msomaji na mpishi,
Tanga