Mama Neema, mtegemezi ni wewe

Shoga angu Mama Neema,

Salamu nyingi toka huku Moro, mvua hazikatiki na Uluguru yote imefunikwa mawingu. Mesej yako nimeisoma tangu juzi ila sikutaka kukujibu juu juu kwenye simu, hili jambo linataka mtu akae chini. Unasema kijana wa bima kaja mara mbili, Baba Neema kamrudisha, kamwambia sisi watu wazima, watoto wote wana kazi zao, hatuna wategemezi, bima ya maisha ya nini, na wewe moyo hauko sawa unaniuliza kama kakosea.

Angekuwa anaongelea nyumba yangu asingekosea. Na sisi alikuja mmoja mwaka jana, kijana mpole kabisa, kakaa barazani na tableti yake, mzee wangu anamenya chungwa, kijana akauliza, "Mama, Mungu apishie mbali, mzee akitangulia wewe utapungukiwa nini?" Mzee akaacha kumenya akanitazama. Nikaleta daftari tukapiga hesabu hapo hapo. Mimi nesi mstaafu nina pensheni yangu, yeye ana yake, nyumba ni yetu, mkopo wa mwisho tulimaliza 2021. Akiondoka nitalia mpaka macho yavimbe lakini umeme utalipwa na chakula kitapikwa. Bima yenyewe ilikuwa elfu 50 kwa mwezi kwa miaka 10, yaani milioni 6, akifa ndani ya hiyo miaka nalipwa milioni 10, miaka ikiisha yuko hai basi, hakuna kinachorudi. Tukakataa na wala sijajuta.

Sasa kwako ni tofauti shoga angu, na naomba usinune. Wewe umeuza vitenge tangu tuko wasichana, umesomesha watoto kwa hivyo vitenge, lakini hujawahi kuajiriwa na hujawahi kuchangia mfuko wowote, na sasa miguu ndo hiyo, soko huendi. Hela ya uhakika inayoingia hapo kwenu kila mwezi ni moja tu na ina jina la Baba Neema. Sisi tukisikia mtegemezi tunawaza mtoto wa shule, kumbe mtegemezi ni yeyote ambaye hela ya mtu fulani ikikatika na yeye anakatika. Hapo nyumbani mtegemezi ni wewe, na Baba Neema hakukuhesabu, si kwa ubaya, amezoea tu kuwaona nyie wawili kama mtu mmoja.

Nina jirani hapa, mumewe alikuwa mtumishi, kafariki mwaka juzi. Matanga yameisha kaenda benki, kaambiwa akaunti haiguswi mpaka apatikane msimamizi wa mirathi, hapo ni kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo, tangazo, miezi inapita. Mafao ya warithi alipata, ila yana ukomo, usidhani pensheni ya mume itaendelea kukufuata wewe maisha yako yote kama ilivyokuwa yake. Siku moja kaja kwangu kuazima sukari, kashika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, hanitazami, huyu mama ndo alikuwa anatugawia mtaa mzima mchele toka shambani kwao. Kile kikombe mpaka leo nakiona. Sitaki kije kuwa chako.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo au hapana kwa yule kijana, Baba Neema aende PSSSF, ule mfuko unaomlipa pensheni yake, aulize akitangulia wewe utapata nini na kwa muda gani, apewe majibu ya maandishi, halafu pengo linalobaki ndo mliongelee. Na ule mkopo wa wastaafu aliochukua kumalizia vyumba vya kupangisha, tafuteni karatasi zake, mara nyingi benki hukata bima ya mkopo siku ile ile inapotoa hela, kama ipo basi akifa deni linafutwa na hamna haja ya kununua bima nyingine kwa ajili ya deni. Ila kama haipo, hilo nalo ni pengo.

Kuhusu bima yenyewe, mjue kwa umri wa Baba Neema na hiyo sukari yake bei itakuwa juu, na kwenye fomu mseme ukweli wote, presha, sukari, ile operesheni ya jicho, kila kitu, maana mkificha siku ya kudai kampuni inaweza kukataa kulipa na hela mlizolipa zikapotea. Muulizeni pia kama kampuni yake ina leseni ya TIRA, wale wanaosimamia kampuni za bima. Bei ikiwa ya kuwaumiza, mi naona bora hiyo hela iende kwa jina lako wewe angali yupo hai. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali hela yako, pale BoT, Benki Kuu, zinaanzia milioni 1 na riba inaingia kila miezi 6, au vipande vya UTT, mfuko wa kuwekeza kwa pamoja, ambako unaweka kidogo kidogo. Kwa jina lako nasema, sio lake wala la Neema. Hata kodi ya vile vyumba iingie akaunti yako kuanzia sasa.

Ya mazishi msinunulie bima, kikundi chenu cha jumuiya kinatosha kabisa.

Najua kumwambia mume haya ni kama unamwombea kifo. Nakuja Jumamosi hii na SGR ya asubuhi, nitamwambia mimi, mi ananisikiliza tangu nilipokuwa namchoma sindano. Wewe itoe tu ile bahasha ya karatasi za mkopo kule kabatini uiweke mezani kabla sijafika.

Wako,
Mama Beni