Barua ya wazi kwa wajasiriamali wa Tanga mnaokwenda kongamanoni Dar es Salaam

Wanangu na wadogo zangu,

Nimepata habari kwamba kikundi chenu kimekamilisha mchango wa nauli, sare imeshashonwa, na wiki ijayo mnasafiri kwenda Dar es Salaam kuhudhuria kongamano la wanawake wenye biashara ndogo. Nimefurahi sana, na kwa kuwa nilisindika na kuuza achari kwa zaidi ya miaka 30 kabla magoti hayajanistaafisha, naomba mnivumilie niwape neno moja kabla basi halijaondoka: mkifika ukumbini, msikae pamoja.

Najua neno hilo litawaudhi waliochagua kitenge (nami nimekipenda, tusidanganyane), lakini ninalisema kwa sababu kutolijua kulinigharimu. Katika kongamano langu la kwanza tulikwenda wanawake saba wa Tanga mjini, tukakaa meza moja siku zote mbili, tukapanga foleni ya chakula pamoja, tukapiga picha na mgeni rasmi, kisha tukarudi na mikoba iliyojaa kadi za watu ambao hata sura zao hatukuzikumbuka. Miezi michache baadaye hoteli moja iliniagiza chupa 600 za achari ya embe kwa wiki mbili, ilhali jiko langu halikuweza hata nusu yake na chupa zenyewe sikuwa nazo, hivyo oda ile ikanipita. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba mama aliyekaa meza ya nyuma yetu alikuwa akiuza chupa za kioo kwa jumla, na kwamba mwingine, wa Muheza, alikuwa akitengeneza achari kama yangu na vibarua wake walikuwa wakikaa bure. Muheza, wanangu! Nilisafiri kilomita zaidi ya 300 nikapishana na jirani.

Wengi huenda makongamanoni wakimtafuta mnunuzi mkubwa au mtu wa benki. Wasalimieni, lakini jueni kwamba wanazungukwa na watu kutwa nzima na jioni hawamkumbuki yeyote, wakati atakayewafaa ni mwenye biashara ya kimo chenu anayekosa mlicho nacho na aliye na mnachokikosa. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, na zabuni hizo siku hizi hupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Lakini zabuni ya sare za shule nzima haimsubiri mwenye cherehani mbili, inawataka watu waliojiunga na kusajiliwa wakiwa kikundi. Vivyo hivyo mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani huelekezwa kwa wanawake, hutolewa kwa vikundi. Mtajiungaje na mtu ambaye hamjawahi kumuuliza anazalisha kiasi gani?

Basi muulizeni hilo hasa. Mkishajuana majina, mweleze kwa wiki unatoa kiasi gani, bei yako ya jumla ni ipi na ni kitu gani kinachokukwamisha, kisha unyamaze umsikilize. Kueleza kinachokukwamisha ndiko kugumu, kwa kuwa sote hupenda kuonekana tumefanikiwa, hasa mbele ya wageni. Lakini mama yule wa chupa angejuaje kwamba nahitaji chupa, nami nilikuwa nikijisifu kwamba mambo yangu yote ni shwari? Kipimo cha viungo vyako kibaki kwako, hilo sina ugomvi nalo.

Mkikutana na wenzetu wa Mombasa msiwaache, kwani mpaka wa Horohoro tunao mlangoni, na mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Sampuli chukueni chache zenye lebo iliyonyooka, na asiye na nembo ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) aseme wazi kwamba bado anaifuatilia, kwa kuwa mnunuzi makini ataigeuza chupa na kuangalia. Fedha msimpe mtu yeyote pale ukumbini, hata akiwaahidi banda la maonyesho Dubai.

Nyuma ya kila kadi andikeni usiku uleule mlichozungumza, na ndani ya wiki moja mpige simu, si kutuma salamu za maua kwenye kundi la WhatsApp. Mkikutana Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nitakuja, inshallah, na sitaomba kuona picha. Kila mmoja nitamuuliza amempigia nani na wamekubaliana nini. Chai nitaleta mimi.

Mama yenu,
Muuza achari mstaafu, Tanga