Barua ya wazi kwa shemeji yangu mwenye bega la zambarau

Shemeji,

Bega halijambo? Nimesikia alama imeshatoka kwenye wekundu ikaingia kwenye zambarau, na kwamba umeapa hutagusa tena bunduki mpaka unafukiwa. Asante ya punda ni mateke, na wewe uliyekubali kuamka alfajiri kunisindikiza kwenye uwanja wa shabaha ndiye uliyelipwa hivyo. Kosa ni langu. Nalikiri hadharani kwa sababu na wewe ulinisema hadharani, mbele ya ukoo mzima, na watoto wakasikia.

Kosa lenyewe ni kukuachia M44. Uliichagua kwa kuwa ni fupi, ukadhani fupi ni nyepesi na nyepesi haina makuu. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa utani wa kishemeji. Ile ni Mosin-Nagant iliyokatwa. Asili yake ni bunduki ndefu ya Warusi ya mwaka 1891. Hata ile M91/30 iliyokuja baadaye ina mtutu wa sentimita 73. Ilipofika 1944 wakaipunguza mtutu hadi kama sentimita 51, wakaongeza singe ya kukunja ubavuni, lakini risasi wakaacha ile ile, na baruti ile ile. Baruti isiyopata nafasi ya kuungua ndani ya mtutu inamalizia nje. Ndiyo ule mwali uliouona, na ule mshindo uliokugonga kifuani kabla ya kukufika masikioni. Nyuma yake kuna kitako chenye bamba la chuma tupu. Wewe ulivaa fulana.

Lakini bega siyo lililonisumbua. Kilichonisumbua ni risasi ya nne. Unakumbuka? Haikuwa risasi. Nilichomeka bandia katikati ya zile za kweli bila kukuambia, ulipovuta triga pakalia "tak" tu, na mtutu ukainama upana wa kiganja. Macho umeyafumba, meno umeyauma, shingo imeingia mabegani kama ya kobe. Bunduki haikufanya chochote; wewe mwenyewe ndiye uliyeruka. Ugonjwa huo unatupata wote na ukishakaa hautoki kirahisi, maana mwili unalipokea pigo kabla halijaja. Risasi inapotoka kweli, mtutu umeshainama, na shabaha inabaki inakucheka.

Ningekuwa na akili siku ile ningeanza na ile ndefu uliyoiita mlingoti. Hiyo ni Mauser ya Waswidi, m/96, na kama ningeambiwa nibaki na bunduki moja tu ya kijeshi, ningebaki na hiyo bila kushauriana na mtu. Mtutu wake unakaribia sentimita 74, uzito wake kama kilo 4, na risasi yake ni ya milimita 6.5, nyembamba na ndefu kama penseli fupi. Hesabu ya pigo la bega haina siri: uzito wa kinachotoka mbele mara mwendo wake, kisha uzito wa bunduki unakuja kulituliza. Waswidi walichagua risasi isiyo nene, hawakuipa haraka ya kupita kiasi, wakaipa bunduki ndefu ya kuibeba. Ukifyatua, inakusukuma kama mtu anayetaka kupita kwenye mlango. Haikupigi. Na kwa kuwa kilengeo cha mbele kiko mbali sana na cha nyuma, kosa dogo la jicho linaonekana mapema, unalirekebisha kabla ya kuvuta triga. Kasoro yake ni moja: kilengeo cha nyuma kinaanzia mita 300, kwa hiyo kwenye mita 100 risasi inapanda juu ya pale unapotazama. Unalenga chini ya duara jeusi, unazoea.

Sasa triga. Watu hawaizungumzii triga, wanazungumzia ukubwa wa risasi, na mimi nasema nusu ya raha ya bunduki iko kwenye ncha ya kidole cha shahada. Ile ya Waswisi, K31, ndiyo iliyonifundisha. Triga yake ina hatua mbili. Ya kwanza ni laini, kidole kinasafiri na hakuna kinachotokea. Kisha kinagota. Hapo unakaa. Unatazama kilengeo, unaachia pumzi nusu, unaongeza kidogo tu, na inakatika kama njiti ya kiberiti. Hakuna mburuzo, hakuna kuvizia. Hii ndiyo dawa ya ule ugonjwa wako, kwa sababu unajua mahali ambapo mlango upo, huhitaji kuuogopa njia nzima.

K31 ina bolti ya ajabu pia, yaani kile chuma chenye mpini kinachoingiza risasi na kuifungia nyuma: unaivuta nyuma moja kwa moja, unaisukuma mbele moja kwa moja, hupindui kiwiko. Risasi sita kwenye magazini. Ukifungua bamba la kitako unaweza kukuta karatasi ndogo yenye jina la askari aliyekuwa nayo. Ya kwangu ilikuwa nayo, nimeirudisha palepale. Sijui kwa nini, lakini tangu siku ile naifuta mafuta kwa adabu zaidi.

Wazee wengi watakuambia mfalme wa bolti ni Lee-Enfield, nami sibishi kwa upande wa kasi. Bolti ya Mauser ya Wajerumani ya 1898 unaipandisha kwa nguvu, kwa sababu springi ya kipigio, ile pini inayogonga risasi, inajikaza wakati unaifungua. Ya Waingereza inajikaza wakati unaifunga, mkono ukiwa tayari unasukuma mbele kwa uzito wa mwili. Tena mpini wa bolti umekaa karibu na triga, na unaupandisha nyuzi 60 tu badala ya 90 za Mauser. Risasi ni 10, mara mbili ya Mauser. Kabla ya vita vya 1914 askari wa Uingereza walifanyishwa zoezi la kupiga shabaha risasi 15 kwa dakika moja, umbali wa yadi 300, na wapo waliopitisha idadi hiyo kwa raha zao. Nimejaribu. Nilifikisha 11, nikawa natweta kama niliyepanda kilima. Ila uwe makini unapoipakia: risasi zake zina ukingo kitakoni, na ukingo wa ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ya chini, zinakwama, unabaki unaigonga bunduki na kuomba.

M1 Garand ya Wamarekani ilikubaliwa na jeshi lao mwaka 1936, na hapo habari za kuvuta bolti kila risasi zikaisha: gesi ya risasi iliyotangulia inapakia inayofuata. Ina zaidi ya kilo 4, na gesi inayofanya kazi inalisambaza pigo likawa refu na la upole. Ila mimi naipendea kilengeo. Siyo kile kijibonde cha Mauser ambacho macho ya umri wetu yanakitafuta kama uzi kwenye tundu la sindano. Ni tundu la mviringo karibu na jicho. Hulitazami, unatazama kupitia ndani yake, na jicho lenyewe linakiweka kilengeo cha mbele katikati bila kuulizwa. Risasi zake 8 zinaingia kwa mkupuo ndani ya kibanio cha chuma, na ya mwisho ikitoka, kibanio kinaruka na kulia "ting!" Wanaopenda Garand wanasubiri sauti hiyo kama watoto wanaosubiri kengele ya mapumziko. Kucha ya gumba langu la kulia iliwahi kuwa nyeusi miezi miwili kwa ajili yake, maana bolti hiyo haina subira na kidole kinachochelewa kutoka. Kwa hiyo sikucheki sana, shemeji. Nakucheka kidogo.

Za baada yake nitazipitia haraka. FN FAL ya Ubelgiji ina kirekebisho cha gesi. Unaiongezea gesi kidogo kidogo mpaka inapakia bila kukwama na bila kukutesa bure. G3 ya Wajerumani inatumia risasi ile ile ya FAL, 7.62x51 (unene wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita), lakini haina gesi ya kurekebisha, ina vigurudumu viwili vinavyochelewesha bolti. Inapiga kavu, triga yake ni nzito, na maganda inayarusha mita kadhaa yakiwa na michirizi myeusi. Usisimame kulia kwake.

AK najua utaniuliza, kila mtu anauliza. Ni ya kuaminika, haibagui matope, na risasi yake ya 7.62x39 haiumizi. Lakini kulenga nayo hakuna ladha: kilengeo cha nyuma kimekaa mbele kabisa, mbali na jicho, kwa hiyo umbali kati yake na cha mbele ni mfupi na kosa linajificha. Kwa askari mwenye baridi na usingizi, sawa. Kwa mtu aliyelala kwenye mkeka na karatasi ya shabaha mbele yake, ninayo mengine ya kufanya. M16 ni kinyume chake. Mbunifu wake, Eugene Stoner, aliweka kitako katika mstari mmoja na mtutu, pigo linakuja moja kwa moja begani na mtutu haupandi, na kichwa cha risasi yake kina kama gramu 4 tu. Unaweza kuipiga asubuhi nzima na kitu cha pekee utakachokumbuka ni springi inayokwaruza ndani ya kitako, chini ya sikio. Tamu kweli, ila haina harufu ya mbao.

Jumamosi nitapita saa kumi na mbili asubuhi. M44 inabaki kabatini. Vaa koti, nitakuletea na vizibo vya masikio vizuri kuliko vile vya sponji. Utalala chini, mlingoti tutauegemeza kwenye mfuko wa mchanga, na nitakupa risasi kumi basi. Moja kati ya hizo ni bandia. Safari hii nimekuambia mapema. Ya ngapi, sikuambii.

Shemeji yako