Wauza spea za mtumba, zibeni midomo ya kompresa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wauzaji wa spea za mtumba wa Mtwara na Lindi, na wenye magari ya zamani wanaowategemea. Kompresa ya AC ikifa kwenye Corolla au Mark II ya miaka ya 1990, wengi hawawazi kununua mpya. Inatafutwa iliyong'olewa kwenye gari lililogongwa, na hilo si kosa hata kidogo. Kosa ni kwamba kompresa hiyo imekaa mezani miezi miwili, midomo (matundu ya kupitishia gesi) wazi, kwenye hewa ya bahari.

Mafuta ya kompresa za gesi ya kupoza ya R134a, yaitwayo PAG, hunywa maji kutoka hewani. Yakiachwa wazi hapa pwani hujaa unyevu bila kuguswa na tone la mvua. Ukiifunga kompresa ile kwenye gari, maji yanaingia kwenye mzunguko pamoja nayo. Mengine huganda barafu kwenye ekspansheni valvu (tundu dogo la kupunguzia presha ya gesi) na kuziba njia: AC inapuliza baridi kama dakika kumi, inakata, ukizima ukasubiri inarudi. Mengine hutengeneza asidi inayokula alumini polepole. Mteja anarudi dukani akisema kauziwa kompresa mbovu, kumbe ilikuwa nzima siku ilipong'olewa.

Mnunuzi naye asiangalie matundu ya bolti peke yake. Zungusha kwa mkono kitovu cha klachi (sahani inayoiunganisha kompresa na pulii, gurudumu la mkanda). Kizunguke laini, kisikwaruze. Mimina mafuta kwenye kikombe cheupe. Yakiwa maangavu au njano hafifu, endelea. Yakiwa meusi, au yanang'aa vipande vya chuma, iache hapohapo hata ukipunguziwa bei, kwa sababu imeshaanza kujisaga.

Kompresa za Denso zilizoenea kwenye Toyota za wakati ule zimeandikwa ubavuni. 10PA15 ina ujazo wa takriban sentimita 155 za ujazo, 10PA17 takriban 178. Moja inaweza kukaa mahali pa nyingine bracketi (kishikio chake) ikikubali, lakini hesabu mifereji ya pulii (minne, mitano, sita) ilingane na mkanda, kisha weka rula iliyonyooka kutoka pulii ya krenki (ya injini) hadi ya kompresa. Pulii ikitoka nje ya mstari kwa milimita mbili tatu tu, mkanda unalia, unakatika nyuzi pembeni, na beringi inafuata.

Volti ndizo zinazosahaulika zaidi. Coaster nyingi na malori hutumia volti 24, saluni hutumia 12. Koili ya klachi (waya wa sumaku inayoivuta) ya volti 12 ina ukinzani wa ohm 3 hadi 4 hivi. Ukiipa volti 24 inapata joto mara nne ya lile iliyoumbiwa, na haitachukua muda kuungua. Ya 24 kwenye gari la 12 inavuta kwa unyonge, klachi inateleza na uso wake unachomeka. Pima kwa mita kabla ya kulipa. Klachi ikishafungwa, nafasi kati ya sahani na pulii iwe nusu milimita hivi.

Baadhi ya Toyota zina sensa ndogo kwenye kompresa inayohesabu mizunguko. Ukifunga kompresa isiyo na sensa hiyo, klachi inashika sekunde chache, kisha kifaa cha AC kinadhani kompresa imekwama: kinakata umeme na taa ya AC inapepesa. Watu hubadilisha rilei na swichi wiki nzima bila kuliona hili. Kompresa za magari mapya zaidi zisizo na klachi kabisa, zinazoongozwa na valvu ya umeme, hazifai kwenye gari la klachi. Na ile ya umeme ya Prius isiguswe na mafuta ya PAG, kwani mafuta hayo hupitisha umeme; ina mafuta yake maalumu.

Kwenye mafuta, kipimo ni kila kitu. Mimina ya kompresa iliyokufa, pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, na uweke kiasi hichohicho cha mafuta mapya kwenye inayoingia. Mzunguko mzima wa saluni ndogo hubeba mililita 120 hadi 150 hivi. Ukibadilisha kondensa (kipoozaji cha mbele) ongeza 40, evaporeta (kipoozaji cha ndani ya gari) 40, draya (kopo la kufyonza maji) 10 hadi 20. Yakizidi, yanatanda ndani ya mabomba na baridi inapungua. Yakipungua, kompresa inakauka.

Draya haichukuliwi skrepa. Kamwe. Punje zake za kufyonza maji hushiba zikikaa wazi, na hakuna njia ya gereji ya kuzikausha ukaziamini. Nunua mpya, ifungue mwisho kabisa, na mshale uelekee upande wa ekspansheni valvu. Oringi (pete za mpira za kuzibia) nazo ziwe mpya, za R134a, zipakwe mafuta ya kompresa kabla ya kukazwa.

Magari mengi ya Japani ya kabla ya 1992 yalitoka na gesi ya R12 na mafuta ya madini. Mafuta hayo hayachanganyiki na R134a, kwa hiyo hubaki yamelala kwenye mabomba badala ya kurudi kwenye kompresa. Safisha mzunguko, tumia mafuta ya esta au PAG, badilisha draya na oringi zote, kisha jaza R134a kwa uzito wa asilimia 80 hadi 85 ya ule ulioandikwa kwa R12. Kondensa ya zamani ya bomba moja nene huhangaika na R134a. Ile ya mirija membamba mingi inapoza vizuri zaidi. Ila kondensa hiyo ya mirija membamba haioshwi ikatakata kompresa ikishatapika vyuma ndani yake. Ibadilishwe.

Kabla ya gesi, vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu) dakika 30 hadi 45. Mjini Mtwara mshale wa geji ya bluu (ya presha ya chini) ufike karibu na inchi 29 za zebaki chini ya sifuri; Newala, juu ya uwanda wa Makonde, utasoma pungufu kwa sababu ya mwinuko. Funga valvu za geji, subiri dakika 15. Mshale ukipanda, pana uvujaji. Chaji kwa mizani, si kwa kukisia. Injini ikiwa mizunguko 1,500, geji ya bluu isome baa 1.5 hadi 2.5, nyekundu (ya presha ya juu) 14 hadi 16. Nyekundu ikipanda sana, angalia feni na kondensa kwanza: vumbi la barabara za korosho hujaa kwenye mapezi yake, na chumvi ya bahari huyala.

Uvujaji utafutwe kwa naitrojeni yenye regileta (kidhibiti presha). Oksijeni ya kuchomelea ikikutana na mafuta chini ya presha hulipuka, na fundi ndiye aliyeinama juu yake. Gesi ya kupikia nayo isijazwe kwenye AC, maana evaporeta iko ndani ya gari, mbele ya abiria. Ikivuja, inasubiri cheche moja tu.

Ombi letu kwa wauzaji ni dogo. Kompresa ikitoka tu, iacheni na mafuta yake, zibeni midomo yote miwili palepale, na muitundikie kikaratasi: imetoka gari gani, injini gani, volti ngapi, gesi gani, tarehe gani. Midomo ya bomba, kata tyubu ya baiskeli na uikaze kwa waya. Midomo bapa, kata bati dogo, weka mpira chini yake, na ufunge kwa bolti ileile iliyoshika paipu.

Mafundi wa AC za magari,
Mtwara