Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Wazee wetu, kina mama wa kitalu, vijana wa chumba cha matangi, manahodha na wanachama wote, Assalaam aleikum.

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Jedwali la vipande vya matumbawe vilivyo hai na vilivyokufa katibu amelibandika ukutani karibu na mlango, na naomba lisomwe kabla ya maswali. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe, ya kitalu chetu cha matumbawe baharini na chumba cha matangi, nikianza na jambo ambalo kamati inataka mliamue leo: mwaka 2025 tusipande matumbawe mengi kuliko yale tuliyo na mikono ya kuyasugua, yaani kuyaondolea majani ya bahari na uchafu. Najua wapo wasiolipenda pendekezo hili. Kupanda kunapigwa picha, kusugua hakupigwi.

Joto la kaskazi

Tarehe 15 Aprili 2024 taasisi ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, na wenzao wa kimataifa walitangaza kwamba dunia imeingia katika kupauka kwa matumbawe kwa mara ya 4 kwa kiwango cha dunia nzima. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa imo. Wavuvi wanaoukumbuka mwaka 1998 hawakuhitaji kutangaziwa; walikuwa wameshaona weupe chini ya ngalawa zao.

Kwa wanachama wapya: tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa joto kuliko yote kwa digrii 1 tu, na yakakaa hivyo wiki baada ya wiki, mwani ule huanza kumdhuru mwenyeji wake, naye anautema. Wataalamu huhesabu hivi: digrii 1 ya ziada kwa wiki 4, au digrii 2 kwa wiki 2, zote ni alama 4, na hapo kupauka kunatarajiwa. Zikifika 8, tarajieni vifo vingi. Ndiyo maana kipimajoto cha kitalu kinasomwa kila safari, hata siku ambazo maji yanaonekana hayana neno.

Tumbawe jeupe halijafa. Nyama yake bado ipo, imekuwa kama kioo, na ukitazama kwa karibu utaona vidomo vyake vidogo. Lililokufa huanza kuota ukungu wa kijani au kahawia ndani ya siku chache, na baada ya wiki 2 hivi halina tena weupe wa kung'aa. Kwenye karatasi za kumbukumbu andikeni mambo haya mawili katika safu mbili tofauti. Mwenye kuandika "limekufa" kwa kila jeupe anatufanya tulitupe tumbawe ambalo maji yakipoa lingerudisha rangi yake.

Miezi ya joto hakuna kukata vipande. Jeraha la koleo kwa tumbawe lililochoka ni mlango wa maradhi. Meza za kamba zinazobeba vipande kitaluni zinashushwa mita 2 hadi 3 zaidi, na brashi inapita taratibu. Mtaona kwenye jedwali kwamba matumbawe ya matawi ndiyo yaliyopauka mwanzo na ndiyo yaliyokufa zaidi, na mabonge ya Porites yakastahimili. Ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Bonge huongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka wakati tawi la Acropora laweza kuongezeka 10, lakini joto likija, mwenye mwendo wa pole ndiye anayebaki.

Chumba cha matangi

Wageni wakiingia wanaona samaki. Sisi tunaangalia maji.

Maji ya bahari yanavutwa kuanzia saa moja kabla ya maji kujaa hadi saa moja baadaye, basi. Yakikupwa, pampu inanyonya tope na maji yaliyopikwa na jua kwenye kina kifupi. Yakishavutwa yapite kwenye chujio la mchanga, yatulie usiku mzima kwenye matangi ya akiba, ndipo yaingie ndani. Kila wiki tunabadilisha asilimia 10. Hili ndilo lililotusaidia mwanzoni mwa Mei, masika yalipokuwa makali na kimbunga Hidaya kikakaribia pwani ya Tanzania. Mvua kubwa hushusha chumvi ya maji ya juu na mito huleta matope, kwa hiyo mdomo wa bomba ukafungwa na matangi yakazunguka kwa maji ya akiba. Mwakani akiba iwe imejaa kabla ya masika kuanza, na mdomo wa bomba ushushwe chini zaidi, maana maji ya mvua ni mepesi na huelea juu ya yale ya chumvi.

Chumvi iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, inasawazishwa kwa maji ya kupimia ya 35, si kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) ya bomba, kwa sababu kifaa kikiwa sawa kwenye 0 hakilazimiki kuwa sawa kwenye 35. Tangi likipungua kwa jua na feni, ongezeni maji baridi yaliyochujwa; yanayoruka hewani ni maji, chumvi inabaki. Wapo waliokuwa wakijazia maji ya bahari, na chumvi ikapanda pole pole bila mtu kuelewa kwa nini kamba wanakufa wakati wa kujivua gamba. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati hayafai kabisa. Zinki inatoka humo, na bomba au kiungo cha shaba ni kibaya zaidi. Samaki huvumilia kiasi, lakini tumbawe, kamba na konokono hawavumilii.

Hapo hapo niseme habari ya dawa. Samaki mpya anakaa karantini si chini ya siku 30. Ugonjwa wa madoa meupe huletwa na kijidudu ambacho kwa sehemu ya maisha yake kinajificha kwenye sakafu ya tangi, hivyo madoa yakitoweka baada ya siku 3 hajapona mtu. Dawa yake ya shaba, miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita na kupimwa kila siku, inatumika kwenye tangi la karantini tupu, lisilo na jiwe wala mchanga wa matumbawe, kwa sababu chokaa hunyonya shaba kisha huiachia baadaye. Ndoo, wavu na mpira wa karantini vina rangi nyekundu. Visivuke mlango.

Matumbawe yanajenga mifupa, na mifupa inakula chokaa iliyomo majini. Tunalenga kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesi 1,250 hadi 1,350, na alkalini, yaani nguvu ya maji kuhimili asidi, milliekwivalenti 2.5 hadi 3 kwa lita. Usiku tunadondosha maji ya chokaa safi, gramu 1.5 kwa lita, tone kwa tone, wakati pH ya tangi iko chini. Maji haya ni makali, pH yake inapita 12. Vaeni glovu na miwani. Ukiyamwaga kwa pamoja tangi linageuka jeupe kama maziwa, chokaa yote inaganda na kuanguka chini, na alkalini inashuka badala ya kupanda. Chokaa ya kujengea haitumiki, ina uchafu mwingi. (Mababu zetu walichoma matumbawe kupata chokaa ya nyumba za Mji Mkongwe; leo tunanunua chokaa kuwalisha wajukuu wa matumbawe yale. Deni ni deni.)

Chakula kiwe kile kinachomalizwa ndani ya dakika 2 au 3. Kinachobaki huoza, fosfeti ikapita miligramu 0.1 kwa lita, majani yakaota juu ya kioo na tumbawe likashindwa kujenga vizuri. Mkate wa wageni usiingie hata kipande.

Tangi jipya la mlangoni halijafunguliwa, na swali hili limeulizwa mara nyingi. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti, huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia. Maji yanaonekana masafi siku ya kwanza na yanaua siku ya kumi. Litafunguliwa vipimo vya amonia na nitriti vikisoma 0 mfululizo.

Umeme ukikatika usiku, pampu za hewa za betri ziwashwe kwanza, taa ya ofisini baadaye. Usiku hakuna mwani unaotoa oksijeni, samaki na matumbawe wote wanavuta, na samaki wakubwa ndio huanza kupanda juu kuhema. Betri zijaribiwe kila Ijumaa.

Kitalu

Kibali cha wizara kimehuishwa. Bila karatasi ile hakuna anayeruhusiwa kukata tumbawe, hata awe mwanachama wa tangu mwanzo.

Vipande tunavyopenda ni vile vilivyokwisha kuvunjika na kulala mchangani, kwani vingekufa vikibaki pale. Ikilazimu kukata, tusichukue zaidi ya asilimia 10 ya shina mama. Urefu uwe sentimita 5 hadi 8. Kifupi zaidi hufunikwa na majani kabla hakijashika. Changanyeni mashina mengi. Vipande 50 vya shina moja ni mnyama yule yule mara 50, na joto litakalomwua mmoja litawaua wote. Kwenye ndoo vipande viwe kivulini, vya mashina tofauti visigusane, na maji yabadilishwe kila robo saa.

Visahani vya saruji vya kushikizia vipande ni sehemu 1 ya saruji kwa 3 za mchanga uliooshwa kwa maji baridi, kisha vinalazwa kwenye maji ya bahari wiki 4. Saruji mbichi inatoa chokaa kali inayounguza nyama ya tumbawe pale inapogusa. Nafasi kati ya kipande na kipande ni sentimita 10.

Sasa kusugua. Kaskazi, maji yanapokuwa ya moto, kila wiki au wiki 2. Majira mengine mara moja kwa mwezi inaweza kutosha, lakini si zaidi. Majani yakiota kwenye meza yanashika matope, yanafunika shina la kipande, na mawimbi yakiyatikisa yanaikwangua nyama changa. Chaza wakijazana kwenye kamba, meza inazama mchangani. Watu 2 kwa meza moja, mkianzia upande mkondo unakotokea, ili uchafu uangukie kule ambako bado. Brashi ngumu ya plastiki kwa mabomba ya meza, mswaki wa meno kwa visahani. Brashi ya waya hapana, inakata kamba. Konokono wadogo weupe wanaokaa tumboni mwa matawi, Drupella, watoeni kwa kibano. Kovu jeupe lililo nyuma yao ndilo linalowafichua. Lakini kaa wadogo waliomo ndani ya matawi waacheni hapo hapo. Hao ni walinzi, humbana miguu kiti cha pweza mwenye miba anapopanda kula tumbawe.

Meza iliyosuguliwa kwa zamu na iliyoachwa zinatofautiana kiasi kwamba hamhitaji jedwali, nendeni mkaone. Penye kangaja, tafi na pono wa kutosha kazi inapungua, kwa sababu hao wanasugua bure, na hii ni hoja yangu kwa wenzetu wanaouliza kwa nini eneo la kitalu lisifunguliwe kwa madema.

Kupeleka vipande mwambani ni baada ya miezi 6 hadi 12, joto likishapita, na juu ya jiwe gumu lililosuguliwa mpaka likawa jeupe. Kifusi kinachobiringika si mahali pa kupanda, hata kama kiko karibu na njia ya wageni.

Mengineyo

Kiti cha pweza mwenye miba hakatwi vipande, kwani vingine huweza kuota upya. Sindano ya mililita 20 hadi 25 za siki ya dukani inatosha, na siki haidhuru wengine. Aliyechomwa miba aloweke mguu katika maji ya moto yanayovumilika, isizidi digrii 45, kwa nusu saa au zaidi, kisha aende kituo cha afya.

Maboya: zege la kilo 1,000 likiwa majini lina uzito wa kilo 570 hivi, kwa hiyo msidanganyike na ukubwa wa jiwe lenyewe wala msifunge boti 2 kwa boya 1. Pingu za chuma zikaguliwe kila miezi 3 na pini zifungwe kwa waya wa chuma cha aina ile ile, vinginevyo chuma kimoja kinamla mwenzake.

Wageni waogelee na fulana badala ya kujipaka mafuta ya jua mgongo mzima. Viti vya pweza visitolewe majini kwa ajili ya picha. Nahodha atakayeruhusu, kamati inapendekeza zamu yake isimame mwezi mmoja.

Maamuzi yanayoombwa

Kwanza, idadi ya meza mwaka 2025 ifuate idadi ya watu waliojiandikisha kusugua, watu 2 kwa kila meza, na meza isiyo na majina ivunjwe, vipande vyake vigawiwe nyingine. Pili, fedha za mwanzo za mwaka ziende kwenye kushusha bomba la maji na betri, kabla ya tangi jingine lolote. Tatu, ada ibaki ilivyo, ila anayefanya zamu 6 za kitalu asamehewe nusu.

Daftari la zamu liko mezani kwa katibu. Zamu ya kwanza ni maji mafu ya mwanzo wa Februari, mkondo unapokuwa mdogo. Kila mtu aje na mswaki wake na glovu.