Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: mkopeshaji akianguka, nyumba isianguke naye

Kwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa na Mipango ya Kiuchumi,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimehudumu wodini miaka 31, na makao yangu ni Kiamunyi. Nakuandikia mapema, mambo hayajaharibika, kwa sababu yakishaharibika hakuna mwenye nafasi ya kusoma barua ya mtu kama mimi. Siku hizo simu zinazopokelewa ni za wenye benki.

Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2024 inazitaka benki ziongeze mtaji wao wa msingi, yaani pesa za wenye benki wenyewe, kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo mwisho wa 2029, kidogo kidogo kila mwaka. Nia yake ni nzuri, siipingi. Lakini zipo benki ndogo ambazo zitahema. Nyingine zitanunuliwa, nyingine zitaungana, na huenda mojawapo yenye mikopo mingi ya nyumba ikaja kubisha ofisini kwako ikisema: tuokoe, tukizama tunazama na nyumba za watu. Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Familia zinawekwa mbele kama ngao, na mimi nilikuwa mtoto katika familia ya namna hiyo.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli hapa Nakuru. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alichukua mkopo kwa chama kimoja cha akiba na nyumba, akanunua nyumba ya vyumba vitatu Langa Langa. Tulihama kutoka landi za reli, vile vyumba vya wafanyakazi, vitanda vikiwa juu ya mkokoteni. Kila mwisho wa mwezi alipanda ngazi za ofisi ya chama kile mjini, akalipa, akarudi na risiti, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mkebe wa Blue Band uliokaa juu ya kabati. Hakuruka hata mwezi mmoja. Mwezi ambao mshahara ulichelewa, aliuza baiskeli.

Siku moja alifika akakuta mlango umetiwa mnyororo na karatasi imebandikwa juu yake. Watu walikuwa wamejaa ngazini. Wenye akiba zao mle ndani walikuwa wakilia waziwazi, wanaume kwa wanawake. Baba alikuwa na akiba kidogo na deni kubwa, kwa hiyo wapo waliomwambia, "Wewe mzee una bahati, deni lako limekufa." Halikufa. Deni la mtu ni mali ya aliyemkopesha, na mali haifi kwa kuwa mwenyewe amefilisika. Inapita mkono tu.

Kilichokufa ni mahali pa kulipia. Kwa miezi saba baba hakujua ampelekee nani pesa. Alizitenga kwenye bahasha, kila bahasha na tarehe yake, mama asiruhusiwe kugusa hata tukiishiwa unga. Barua ya kumwelekeza akaunti mpya ilipofika, ilikuja na riba ya miezi hiyo saba na faini ya kuchelewa juu yake. Alilipa vyote. Alimaliza mwaka 1994. Hati miliki aliipata 2003. Katika rejista ya ardhi sehemu ya rehani ilikuwa bado inasoma jina la chama kisichokuwepo, na karani wa ardhi alidai barua yenye muhuri wa chama hicho hicho. Miaka tisa, Mheshimiwa, mtu anasafiri kwenda Nairobi na kurudi akitafuta muhuri wa marehemu. Alipoipata hati hakukaa nayo hata miaka miwili, akafariki. Mkebe ninao mimi.

Na serikali haikukaa bure wakati huo. Ilitoa msaada. Mwaka 1989 iliunda Consolidated Bank kwa kuzikusanya pamoja taasisi tisa zilizokuwa zimefilisika, miongoni mwazo vyama vya ujenzi na kampuni za mikopo ya nyumba. Kilichoangusha nyingi za enzi hizo kinajulikana: uongozi mbovu na mikopo iliyotolewa kwa wakurugenzi wenyewe na marafiki zao wa kisiasa. Zaidi ya miaka 30 baadaye Hazina ilikuwa bado ndiyo mwenye hisa nyingi, na miaka kadhaa benki hiyo imeandika hasara. Mlipa kodi aliingia kwa dharura akabaki humo kizazi kizima. Sisemi wenye akiba wangeachwa wafe njaa. Nasema pesa za umma zilipoingia, hakuna aliyemuuliza mtu kama baba yangu anahitaji nini, na alichohitaji hakikuwa ghali: dirisha la kulipia na mtu wa kumtilia sahihi hati yake.

Huko magharibi mwa nchi tuna mfano mwingine, ingawa wenyewe ni wa sukari. Shemeji yangu analima miwa karibu na Mumias. Serikali ilimwaga mabilioni pale kuokoa kiwanda, awamu baada ya awamu, na Septemba 2019 kiwanda kikawekwa vilevile chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mdai kukusanya deni lake, wakulima wakiwa bado wanadai. Pesa ya kuokoa ikipitia kwa walewale walioharibu, haimfikii aliye mwisho wa foleni.

Najua utaambiwa kwamba hata mataifa makubwa yaliokoa wakopeshaji wao. Ni kweli, na inafaa tutazame walivyofanya. Uingereza, Septemba 2007, watu walipanga foleni nje ya matawi ya Northern Rock, benki ya mikopo ya nyumba, kutoa pesa zao. Serikali ikazidhamini amana, kisha Februari 2008 ikaitwaa benki yenyewe, wenye hisa wakatoka mikono mitupu. Marekani, mwezi Septemba 2008, serikali ilizishika Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazonunua na kudhamini mikopo ya nyumba, na hatimaye ikazitilia karibu dola bilioni 190. Pesa hizo zilirudi, tena kwa faida, kwa sababu serikali iliingia kama mwenye mali, haikuingia kama mjomba wa kugawa zawadi. Lakini katika miaka ile ile mamilioni ya familia za Marekani zilinyang'anywa nyumba. Wakopeshaji walisimama na watu wakalala nje. Hilo ndilo pengo ninalokuomba uliangalie kabla hujatia sahihi chochote.

Kuna jambo la haki pia. Kwa hesabu za Benki Kuu, mikopo ya nyumba katika benki zote za Kenya ni kama 30,000 tu, na mmoja kwa wastani ni zaidi ya shilingi milioni 8. Nchi ina watu zaidi ya milioni 50. Mama anayeuza viazi soko la Wakulima hapa Nakuru, analipa kodi kwenye kila lita ya mafuta ya taa na kila bando la simu, hana mkopo huo na hatawahi kuupewa. Ukimtoza yeye ili mwenye hisa asipoteze hisa zake, utamwambia nini uso kwa uso? Mimi nimemtibu mama huyo. Najua anachobaki nacho jioni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mkopeshaji wa nyumba akifilisika kwa makosa yake, mwache afilisike. Wenye hisa wapoteze kwanza, wote, kabla shilingi moja ya Hazina haijatoka. Mikopo iliyopewa wakurugenzi na jamaa zao itangazwe magazetini kwa majina. Wenye akiba walindwe: Shirika la Bima ya Amana, KDIC, sasa hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mtu, kutoka 100,000 kabla ya 2020, na kiwango hicho kiendelee kupanda, maana mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote benki moja bado anaachwa uchi. Hapo pesa za umma zikiingia sitalalamika.

Na wakopaji? Hapa ndipo sheria yetu ina shimo. Mkopaji akishindwa kulipa, sheria inamlinda hatua kwa hatua: notisi ya miezi mitatu, notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha siku 45 za mpiga mnada. Mkopeshaji anaposhindwa yeye, mkopaji aliyelipa vizuri hajaandikiwa hatua yoyote iliyo wazi kama hiyo. Weka sheria kwamba mikopo inayolipwa ihamishiwe benki nyingine iliyo imara ndani ya siku 60, kwa riba na masharti yaleyale. Kwamba katika kipindi hicho hakuna faini wala mnada kwa anayeweza kuonyesha pesa ametenga. Kwamba aliyemaliza kulipa apewe hati yake, rehani imefutwa, ndani ya siku 30, na msajili wa ardhi awe na mamlaka ya kuifuta mwenyewe mkopeshaji akiwa hayupo tena.

Una pa kuanzia. Benki zetu zinakusanya amana za miezi michache na kuzikopesha kwa miaka 20, na kwa ajili hiyo iliundwa KMRC, kampuni ya kuwakopesha wakopeshaji wa nyumba, ambayo serikali ni mmoja wa wenye hisa, iwape benki na sacco pesa za muda mrefu ili mwananchi akope kwa riba isiyofika asilimia 10. Kila anayechukua pesa za KMRC atie sahihi masharti hayo kwanza, angali mzima. Mgonjwa akishazimia hatii sahihi fomu ya upasuaji. Anatiliwa na wengine, tena kwa haraka.

Ombi la mwisho ni kuhusu ule ushuru wa nyumba. Asilimia 1.5 inakatwa mshahara wa binti yangu kila mwezi, na mwajiri wake anaongeza kiasi hicho hicho. Aliambiwa ni ya kujenga nyumba. Iandikwe kisheria kwamba haitaguswa kuziba tundu la mkopeshaji yeyote, awe mkubwa namna gani.

Nimeambatanisha nakala za risiti ya kwanza na ya mwisho ya baba. Kati yake zipo nyingine nyingi, na nitazileta Nairobi mwenyewe ukihitaji kuziona.

Wako mwaminifu,
Muuguzi mstaafu,
Kiamunyi, Nakuru.